Rozela, nderema, mrangi au manjano: upande rangi ipi ya chakula hapa Dar?

Tuanze na ukweli ambao wauza mbegu hawausemi: hakuna mmea utakaokishinda kwa bei kile kikopo cha rangi ya unga kinachouzwa dukani kwa Mangi. Ncha ya kijiko inatosha sufuria zima la ubuyu, haipauki kirahisi, haina ladha, na kikopo kinakaa kabatini muda mrefu bila kuharibika. Anayepanda rangi yake mwenyewe ana sababu nyingine. Ana watoto wanaolamba askrimu na kumumunya ubuyu kila siku, au ana wateja wa keki wanaouliza "hii umeweka nini?", au ana kipande cha uwani kinacholala bure.

Wasiwasi wenyewe haukuzuka mitandaoni tu. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2010, zinalazimisha chakula chenye rangi sita fulani za kutengenezwa (E102, E104, E110, E122, E124 na E129) kibandikwe onyo kwamba huenda zikaathiri utulivu na umakini wa watoto. Marekani nayo, Januari 2025, ilifuta kibali cha rangi nyekundu E127 kwenye vyakula, na Aprili mwaka huohuo serikali yake ikatangaza mpango wa kuziondoa taratibu rangi zinazotokana na petroli. Swali linalowaumiza vichwa huko sasa ni mimea ya rangi itatoka wapi, kwa kuwa baadhi yake inataka joto ambalo mashamba yao mengi hayana. Sisi joto tunalo, mpaka la ziada. Geuza kikopo chako usome namba hizo. Kama hakina namba wala jina la rangi, hilo nalo ni jibu.

Sasa upande nini? Watu wengi huanza kwa kuuliza mmea upi una rangi kali. Mimi naona waulize kwanza watapika nini, maana rangi ileile inayong'aa kwenye juisi inaweza kufa kabisa kwenye keki.

Vikombe vitatu kabla ya kuchimba shimo

Kuna jaribio dogo linalookoa pesa na miezi. Nunua sokoni kiasi kidogo cha unachotaka kupanda, toa rangi yake, igawe kwenye vikombe vitatu. Cha kwanza kamulia ndimu. Cha pili tia magadi kidogo. Cha tatu mimina kwenye sufuria uchemshe dakika kumi. Utakachokiona ndicho kitakachokupata jikoni: ndimu inasimama badala ya ukwaju, ubuyu na maziwa mgando; magadi yanasimama badala ya hamira ya unga (baking powder) na soda kwenye keki; moto ni moto.

Rozela (choya) ikipata ndimu inawaka nyekundu kama damu ya mzee. Ikipata magadi inageuka zambarau chafu, kisha kijani cha ajabu ambacho hakuna mtu atakila. Nderema, ile mboga ya kutambaa, na bitiruti hazijali sana ndimu, ila moto unazimaliza, zinaenda kwenye kahawia. Manjano yanavumilia moto vizuri, ndimu hayaijali, lakini magadi yanayageuza mekundu ya matofali. Mrangi, ule mti wa maganda mekundu yenye vinyweleo, hutauweza kwenye maji; rangi yake inakaa kwenye mafuta, na ikishakuwa kwenye mafuta ndimu haiigusi.

Kitu kimoja zaidi ambacho vikombe havikuonyeshi ni mwanga. Manjano yana uadui na jua. Nguo iliyodondokewa na mchuzi wa manjano ukiifua na kuianika juani siku mbili tatu doa linafifia, na hilohilo ndilo linalotokea kwenye krimu ya keki iliyowekwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana.

Wekundu: rozela, bitiruti, nderema

Hapa ndipo wengi wanapotaka kuanzia, kwa sababu ubuyu wa mtaani ni mwekundu, askrimu za mifuko ni nyekundu, na keki ya mtoto wa kike lazima iwe na pinki mahali fulani.

Rozela, ambayo watu wa Dodoma wanaiita choya, ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza. Haihitaji udongo wa maana. Kama inaweza kuishi Dodoma na Singida kwenye mvua za kubahatisha, itaishi kwenye mchanga wa Kigamboni au Mbagala ukiupa samadi ya kutosha. Mche mmoja unafika urefu wa mtu na kupita, unatawanya matawi, kwa hiyo kwenye ndoo ya lita 20 weka mmoja tu. Kinachotoa rangi si ua lenyewe, ni yale majani manene mekundu yanayobaki yakifunika tunda baada ya ua kudondoka. Yachume yakiwa bado manene na yenye maji, kama wiki tatu baada ya ua. Ukichelewa yanakauka, yanakuwa magumu na rangi inapungua.

Jambo la kujua kuhusu rozela ni kwamba inasubiri siku zifupike ndipo ichanue. Hapa Dar tofauti ya urefu wa siku ni ndogo, haifiki saa nzima kati ya Desemba na Juni, lakini mmea unaihisi. Ukipanda Desemba au Januari na una maji ya kumwagilia, utapata mche mkubwa utakaochanua kuanzia Mei hivi. Ukisubiri masika ya Machi ndipo upande, bado utavuna, ila mche unachanua ukiwa mdogo na mavuno ni machache. Maadui wake wakubwa ni vidung'ata, vile vidudu vyeupe kama pamba, na minyoo fundo kwenye mizizi. Usiipande mahali palipokuwa na bamia au nyanya zilizodumaa. Bamia na rozela ni ukoo mmoja na wanagawana magonjwa.

Kilo kumi mbichi zinakauka kuwa kilo moja hivi. Usione haya kwa ufinyu wa mavuno, kwa sababu rangi yake ni kali na konzi moja kavu inatosha jagi zima.

Na sasa ubuyu, ambao kwa maoni yangu ndio chakula kilichoumbwa kwa ajili ya rozela. Unga wa ubuyu wenyewe ni mchachu, na uchachu ndio unaoilinda rangi ya rozela. Lakini kuna mtego. Ukipika shira ya sukari kwa maji ya rozela tangu mwanzo, uchachu unaivunja sukari ikiwa motoni, nayo haigandi tena vizuri. Na kwa unyevu wa hewa ya Dar utapata ubuyu unaonata kwenye karatasi na vidole mpaka kesho. Njia nzuri ni kupika shira kwa maji ya kawaida na iliki yako, kisha ukishaepua ndipo utie rozela kavu iliyosagwa laini na kuchekechwa, koroga upesi, mwagia ubuyu. Rangi itakuwa nyekundu ya zabibu nyeusi. Haitakuwa ule wekundu wa kupiga kelele wa dukani, na mteja aliyezoea midomo kugeuka rangi wiki nzima huenda akalalamika. Mwache alalamike.

Kwa keki, rozela ni hasara. Hamira ya unga inaipeleka kwenye kijivu. Itumie kwenye shira ya kumwagia juu au kwenye jamu ya katikati, si kwenye unga.

Bitiruti ndiyo inayotajwa na kila anayefundisha keki za rangi ya asili, na ndiyo ninayokushauri usiipande. Inataka ubaridi. Zile kubwa nyekundu unazoziona Kariakoo na Kisutu zinatoka nyanda za juu, Lushoto, Arusha na Iringa. Ukiipanda Dar utapata majani mazuri na kiazi cha ukubwa wa ndimu chenye miduara myeupe ndani. Mtu mwenye kivuli na hamu anaweza kujaribu Juni mpaka Agosti, usiku unapopoa kidogo, lakini kwa nini? Sokoni ipo, inakaa wiki nzima kwenye friji, na moja tu inatosha bakuli kubwa la krimu. Ina harufu ya udongo ambayo wengine wanaihisi hata ikiwa kidogo, na mwambie mlaji mapema kwamba choo na mkojo vinaweza kuwa vyekundu kesho yake, asije akakimbilia hospitali.

Nderema je? Huu ni mmea ambao Dar inaudharau. Watu wanauchuma majani kama mboga na kuviacha vitunda vyake vyeusi viliwe na kuku. Vitunda hivyo ukivikamua kwenye kitambaa vinatoa maji ya zambarau-pinki makali kuliko bitiruti, bila harufu ya udongo, karibu bila ladha yoyote. Na kinyume cha bitiruti, nderema inapenda joto na unyevu. Inapanda kwenye wavu wa fensi, kwenye kamba, kwenye nondo zilizobaki za ujenzi, na ikipata maji inazaa vitunda karibu mwaka mzima kwa sababu siku zetu fupi ndizo zinazoichochea ichanue. Mche mmoja uliokomaa unakupa konzi kila baada ya siku chache.

Udhaifu wake ni moto na muda. Kwenye krimu ya keki, kwenye askrimu, kwenye maziwa mgando, kwenye juisi ya nanasi, inapendeza sana. Kwenye keki inayookwa nusu saa inageuka rangi ya biskuti. Maji yake yaliyokamuliwa hayakai, yanafifia hata kwenye friji, kwa hiyo yagandishe kwenye kile chombo cha vipande vya barafu na utoe kimoja kimoja. Kwa anayeuza askrimu za mifuko, nderema inaishinda rozela kwenye ladha za maziwa, na rozela inaishinda nderema kwenye ladha za ukwaju na ndimu. Wenye uwani wa kutosha wawe nazo zote mbili, hazigombanii nafasi: moja inasimama, nyingine inatambaa.

Mchicha mwekundu nao una rangi ya familia hiyohiyo na unavunwa ndani ya mwezi mmoja, lakini rangi yake inakuja na ladha ya mboga. Kwenye wali inavumilika. Kwenye krimu, hapana.

Njano na chungwa: manjano dhidi ya mrangi

Manjano kila mtu anayajua, wengine wakiyaita binzari. Mrangi, au mzingefuri kama wengine wanavyouita, wengi wanaujua kwa macho tu: ule mti wenye maganda mekundu yenye vinyweleo kama shoki shoki, ambao watoto wakiupasua wanajipaka midomo na mashavu. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Viwanda vya dunia nzima vinatumia mbegu zake kutia chungwa jibini na siagi ya mimea, kwa namba E160b, na huko Kwale, pwani ya Kenya, wakulima wanaulima kama zao la biashara. Kwa hiyo ukisoma E160b kwenye pakiti ujue unakula mti unaoota Tanga, Zanzibar na hata hapa Dar.

Ukivilinganisha kwa subira, manjano yanaonekana kushinda. Unapanda kipande cha mzizi mvua zinapoanza, na baada ya miezi minane mpaka kumi majani yakianza kukauka unachimba. Mrangi wa mbegu utakuweka miaka miwili, pengine mitatu, kabla ya kukupa maganda ya maana. Wa kukata tawi unawahi kidogo. Lakini hesabu hiyo inadanganya. Manjano unayachimba yote na kuanza upya kila mwaka, wakati mrangi ukishaanza unazaa miaka na miaka, na kazi yako inabaki kupogoa. Kwa mwenye kiwanja chake Goba, Chanika au Bunju, sioni sababu ya kutokuwa na mrangi mmoja. Unaweza hata kuupanda kwa safu na kuukata uwe uzio. Kwa mpangaji wa chumba Manzese, mrangi ni zawadi kwa mwenye nyumba.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye ulimi. Manjano yana ladha. Kwenye pilipili ya ndimu, viazi karai, bajia, kachori, mchuzi wa samaki, ladha hiyo inatakiwa, na rangi inakuja kama nyongeza. Kwenye krimu ya keki au kashata za nazi, nusu kijiko cha chai tu kinatosha kumfanya mlaji akunje uso. Mrangi kwa kiasi kidogo hauna ladha ya kutambulika. Ndiyo maana kwa vitu vitamu nauweka mbele bila kusita.

Kuitoa rangi ya mrangi ni rahisi, ila hakuna haraka. Vijiko viwili vya mbegu kwenye robo kikombe cha mafuta ya kupikia, moto mdogo kabisa, mpaka mafuta yawe chungwa kali, kisha chuja. Mbegu zikianza kuwa nyeusi umeshachelewa: mafuta yatakuwa machungu na rangi imeungua. Mafuta hayo yakae kwenye chupa ya kioo, gizani. Matone yake juu ya wali wa biriani kabla ya kuufunika yanakupa zile punje za chungwa na nyeupe zilizochanganyika, ambazo wengi wanazipata kwa rangi ya unga iliyokorogwa na maji. Kwenye kuku wa kuchoma yanakupa ngozi yenye rangi ya kuita. Kwenye kashata yamimine mwishoni, sukari na nazi vikishashikana. Kashata ya pinki, nisikufiche, sijaona mmea wa uani unaoiweza vizuri: haina uchachu wa kuishika rozela, na ina moto mwingi mno kwa nderema. Badilisha mawazo, uza kashata ya chungwa.

Na manjano usiyatie tu kwenye maji ukashangaa yanatua chini. Rangi yake haiyeyuki kwenye maji, inataka mafuta. Yakaange kidogo kwanza, au yachanganye na tui zito, ndipo yaingie kwenye wali.

Je, inafaa kuyapanda manjano wakati Morogoro na Tanga wanayaleta kwa magunia? Kwa bei, hapana. Mizizi mibichi sokoni ni rahisi. Sababu ya maana ya kuyapanda, au angalau kununua mizizi mibichi na kuikausha na kuisaga mwenyewe, ni usafi. Mwaka 2019 watafiti walithibitisha kwamba Bangladesh kulikuwa na wafanyabiashara wanaotia kromati ya risasi kwenye manjano ili yang'ae, na risasi hiyo ikaonekana kwenye damu ya watu. Sisemi unga wa hapa una risasi. Nasema unga uliosagwa huwezi kuukagua kwa macho, mzizi mbichi unaweza.

Ukiyapanda, yape kivuli cha nusu siku, chini ya mwembe au mpapai, udongo laini usiotuamisha maji. Na yawekee kizuizi. Kuku wa jirani wanapenda kuparua palepale ulipofukia. Ukivuna, yachemshe mpaka kijiti kipenye, yakate, yaanike. Kilo tano mbichi zinakupa kama kilo moja kavu.

Zafarani halisi iacheni. Ni ua la nchi zenye baridi, na nyingi inayouzwa kwa bei ya mtelemko mitaani si zafarani.

Bluu, na kijani kwa haraka

Rangi ya bluu ilikuwa haipo kabisa jikoni kwetu mpaka chai ya bluu ilipoingia mjini. Mmea wake, ambao kitaalamu ni Clitoria ternatea, ni wa jamii ya kunde, unatambaa, unajirutubishia udongo wenyewe, na kwenye joto la pwani unachanua ndani ya miezi miwili hivi. Fensi moja ya wavu inaweza kukupa maua kila asubuhi. Ukiyaloweka kwenye maji moto yanatoa bluu ya wino. Ndimu ikidondoka inageuka zambarau mbele ya macho yako, na watoto hawachoki kuitazama. Kwa moto ni mvumilivu kuliko rozela, ndiyo maana Wamalesia wa Kelantan wanapikia wali wao wa bluu kwa maua hayohayo.

Hapa kuna neno la tahadhari. Marekani iliruhusu rangi ya maua haya kwenye vyakula kadhaa mwaka 2021. Shirika la usalama wa chakula la Ulaya, mwaka 2022, lilitoa pingamizi la kiusalama dhidi ya maua makavu kuuzwa huko kama chakula. Wakubwa hawajakubaliana, basi wewe tumia kidogo kwa kupamba, usiyafanye kinywaji cha kila siku cha mtoto wala cha mjamzito. Mbegu zake usile kabisa, zinaharisha vibaya.

Kijani hakihitaji mpango. Spinachi, matembele, majani ya mlonge: chovya kwenye maji yanayochemka dakika moja, tosa kwenye maji baridi, saga, chuja. Ukikipika sana au kukitia ndimu kinageuka rangi ya zeituni. Kwa chapati za kijani kinapendeza, kwa krimu kidogo sana.

Ardhi, maji, na mahali pa kuanikia

Anayeishi kwenye chumba na kibaraza ana uwezo wa ndoo tatu nne. Ndoo moja ya rozela, moja ya nderema yenye kamba mpaka darini, na kama kuna ukuta unaopata jua la asubuhi, moja ya maua ya bluu. Manjano kwenye ndoo yanakubali, vipande viwili au vitatu, ila usitarajie kilo.

Anayeishi kwenye uwani mkubwa ana shida nyingine, maji. Rozela na mrangi zikishashika mizizi zinavumilia kiangazi cha Januari na Februari. Nderema na manjano hayavumilii. Kama maji yako ni ya kisima na yana chumvi, onja kwanza. Chumvi ikisikika ulimini, manjano yataungua ncha za majani na kudumaa. Hapo nderema imwagilie kwa maji ya kuoshea mchele, na manjano uyaache kabisa.

Udongo usiuchote popote. Tafiti zimewahi kukuta metali nzito kwenye mboga zilizolimwa kando ya Mto Msimbazi, na pembeni ya gereji hali haiwezi kuwa nzuri zaidi. Itakuwa kichekesho kukimbia rangi ya kikopo halafu ukala manjano yaliyonyonya mafuta machafu ya magari.

Kuhusu kukausha, Dar si Dodoma. Rozela inayovunwa Mei mvua zikiwa hazijaisha inaota ukungu kwenye chekecheke kabla haijakauka. Itoe mbegu, ichanechane iwe vipande vyembamba, ianike bati linapopata moto saa za mchana, iingize ndani kabla ya umande. Ikishindikana, igandishe mbichi. Mbegu za mrangi hazina usumbufu huo. Ganda linakauka lenyewe mtini, wewe unasubiri lianze kupasuka. Kwa mtu asiye na friji wala mahali pa kuanikia, hili peke yake linatosha kumfanya achague mrangi, kama ana ardhi.

Wenye shinikizo la damu wanaotumia vidonge wamuulize daktari kabla ya kunywa rozela kwa wingi, maana nayo inashusha. Kiasi cha kutia rangi ubuyu hakina neno.

Ukifikiria kuuza ubuyu au keki zako ukiandika kwenye pakiti kwamba hazina rangi za viwandani, kumbuka kwamba tangu 2019 mambo ya chakula yako chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, wana utaratibu wa kuwashika mkono wajasiriamali wadogo. Andika jina la mmea ulioutumia. Wateja wa siku hizi wanasoma.

Mbegu zinapatikana wapi

Rozela kavu ya sokoni haina mbegu, imeshatolewa; uliza muuzaji akuletee maganda ya katikati, au tafuta mwenye mche mtaani kwenu kati ya Juni na Agosti. Nderema omba kikonyo cha urefu wa mkono, kiweke kwenye glasi ya maji, ndani ya wiki mbili kina mizizi. Manjano chagua mzizi mbichi wenye macho yaliyovimba, usiwe umechemshwa. Mrangi omba ganda zima kutoka kwenye mti, kwa sababu mbegu zilizokaa muda mrefu kwenye mitungi ya wauza viungo mara nyingi hazioti. Loweka usiku mmoja, panda tano, acha mmoja ulio na nguvu. Sehemu ya kuupanda iwe hatua tatu au nne kutoka ukutani, na mwambie mwenye nyumba kabla hujachimba.